Mali Bila Daftari: Kununua Nyumba, Kujenga, na Ushuru wa Stempu



Himidi zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetujaalia nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, swali ninaloulizwa mara nyingi na akina mama baada ya darsa si la twahara wala la saumu. Ni la nyumba. "Sheikh, tununue nyumba iliyokwisha kujengwa, au tutafute kiwanja tujenge wenyewe?" Wengi huuliza wakitaraji jawabu la dini peke yake, yaani habari za riba na mikopo ya benki. Hayo ni ya lazima na tumeyazungumza mara nyingi. Lakini uko mlango mwingine ambao familia zetu huupita zikiwa zimefumba macho, nao ni kodi zinazotozwa mali inapotoka mkono mmoja kwenda mkono mwingine. Leo nataka tuufungue mlango huo, kwa sababu nimeona wajane wakilia mbele yake.

Mimi ni mtu wa Pwani niliyeletwa Nairobi na ualimu wa madrasa, na kwa miaka mingi makazi yangu yamekuwa Buruburu. Mtaa huu ulijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970, kwa mpango ulioshirikisha serikali na Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola, na nyumba zake zikauzwa kwa mikopo ya muda mrefu kwa wafanyakazi wa daraja la kati. Kwa hiyo wenyeji wa kwanza wa Buruburu hawakujenga, walinunua. Leo wengi wao wamezeeka au wametangulia mbele ya haki, na watoto wao wanauza. Nyumba zinabadilisha wenyewe, na kila inapobadilisha mwenyewe, serikali husimama mlangoni ikitaka fungu lake.

Nasi tulifikiwa na zamu yetu. Mwenye nyumba tuliyoipanga, mzee mwema aliyekwisha kurejea kwao mashambani, alitupigia simu akasema anaiuza, na kwamba sisi ndio wa kwanza kuambiwa kwa sababu ya uaminifu wetu. Alitaka shilingi milioni 12. Akaongeza, kwa uwazi ambao mpaka leo namwombea dua kwa ajili yake, kwamba bei ingekuwa nafuu zaidi kama si kodi itakayomwangukia yeye muuzaji.

Nilimwomba anieleze, naye akanieleza. Muuzaji wa nyumba au ardhi nchini Kenya hutozwa kodi ya faida ya mtaji. Kodi hiyo ilikuwa imesimamishwa tangu mwaka 1985, ikarejeshwa tarehe 1 Januari 2015 kwa kiwango cha asilimia 5, na kuanzia tarehe 1 Januari 2023 ikapandishwa kuwa asilimia 15. Haitozwi juu ya bei yote, bali juu ya faida: unachukua bei ya kuuzia, unatoa ulichonunulia, gharama za kuiboresha nyumba na gharama za mauzo, kinachobaki ndicho kinachotozwa. Mtu aliyeikaa nyumba yake mwenyewe kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza husamehewa, lakini mzee wetu alikuwa ameipangisha. Ikiwa gharama zake zote zilikuwa milioni 4, basi faida ni milioni 8, na kodi yake ni shilingi 1,200,000. Kwa jina, mlipaji ni muuzaji. Kwa hakika, kila muuzaji mwenye akili huitia kodi hiyo ndani ya bei, na mnunuzi huibeba bila kuiona.

Mke wangu, ambaye kwa miaka mingi hushona mabuibui na kuyauza na ana akiba yake mwenyewe, alichukua daftari akachora mistari miwili. Upande mmoja aliandika "kununua", upande wa pili "kujenga". Tukaanza.

Upande wa kununua ulikuwa mwepesi kuandika na mzito kuutazama. Juu ya milioni 12 mnunuzi hulipa ushuru wa stempu. Sheria yake ni ya mwaka 1958, na viwango vinavyojulikana ni asilimia 4 ya thamani kwa mali iliyo ndani ya mji au manispaa, na asilimia 2 kwa mali iliyo nje. Buruburu ni mji, kwa hiyo ni shilingi 480,000. Fedha hizo hulipwa kabla hati ya uhamisho haijasajiliwa, kwa mkupuo mmoja, mbali na ujira wa wakili. Tena thamani haisemwi na mnunuzi wala muuzaji. Husemwa na mthamini wa serikali. Mkikubaliana milioni 12 naye akaona ni milioni 13, ushuru utafuata milioni 13.

Upande wa kujenga tulifikiria kiwanja kilicho kando ya barabara ya Kangundo, ukishaipita Ruai na kuingia kaunti ya Machakos, ambako jamaa zetu kadhaa wa Eastlands wamekwisha kuhamia. Kiwanja kilikuwa shilingi 1,800,000, nje ya manispaa, kwa hiyo ushuru wake wa stempu ni asilimia 2, yaani shilingi 36,000. Nyumba ya vyumba vitatu tulikadiriwa milioni 6. Juu ya milioni hizo 6 hakuna ushuru wa stempu hata senti moja, kwa sababu nyumba unayojijengea haitoki mkononi mwa mtu mwingine. Unachohamishiwa ni ardhi tupu.

Nilitaka kushangilia. Laki nne na themanini upande mmoja, elfu thelathini na sita upande wa pili! Mke wangu akanitazama akasema, "Maalim, na saruji unapewa bure?"

Alikuwa na haki. Saruji, nondo, mabati, vigae, rangi, mabomba na nyaya za umeme vyote hutozwa VAT ya asilimia 16, nayo imo ndani ya bei ya dukani. Tulikadiria kwamba katika milioni 6 zile, vitu vya kiwandani vya namna hiyo vingemeza milioni 3. Ukipiga hesabu, ndani ya milioni 3 hizo mna kodi ya takriban shilingi 414,000. Ukijumlisha na 36,000 za stempu unapata kama 450,000. Nyumba ya makazi inapouzwa haitozwi VAT, kwa hiyo mnunuzi haongezewi mzigo huo juu ya 480,000 zake. Pande zile mbili za daftari, zilizoonekana kutofautiana kama usiku na mchana, zikakaribia kulingana.

Hili nalisisitiza kwa sababu mitaani watu husema kwamba anayejenga hukwepa kodi. Hakwepi. Tofauti kubwa ya jumla tuliyoiona, kati ya milioni 12 na kama milioni 8, ilikuwa tofauti ya mahali: Buruburu ni karibu na mjini, na kule ni safari. Kodi haikuwa sababu yake kuu. Kinachobadilika katika kodi ni wakati na namna ya kulipa. Anayenunua hutakiwa kuwa na laki karibu tano taslimu siku moja, juu ya bei ya nyumba. Anayejenga hulipa kidogo kidogo, mfuko wa saruji baada ya mfuko, mwezi wenye riziki akainua ukuta, mwezi wenye dhiki akasimama. Kwa familia isiyotaka riba, na ambayo akiba yake huja kwa vishindo vidogo vya harusi na sikukuu za kushonesha nguo, tofauti hiyo ya wakati ndiyo inayoamua yote.

Wapo wanaonunua kwa msaada wa benki za Kiislamu, na ni njia njema. Lakini nao wana swali la kuuliza. Katika murabaha, benki huinunua nyumba kwanza kisha ikakuuzia wewe. Katika musharaka inayopungua, mnamiliki pamoja na hisa za benki zikakuhamia taratibu. Nyumba inaweza basi kuhama mara mbili badala ya mara moja. Huko Uingereza jambo hili liliwahi kuwa mzigo mkubwa kwa ndugu zetu: walikuwa wakitozwa ushuru mara mbili kwa nyumba moja, ilhali jirani yao aliyechukua mkopo wa riba alitozwa mara moja, mpaka sheria ya fedha ya mwaka 2003 ilipoondoa tofauti hiyo. Kabla hujatia saini hapa kwetu, mwulize afisa wa benki na wakili wako: nyumba hii itahamishwa mara ngapi, na stempu ya kila uhamisho italipwa na nani? Jawabu liwe kwa maandishi.

Na wale wanaonunua nyumba yao ya kwanza kabisa chini ya mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu, sheria imewasamehe ushuru wa stempu tangu mabadiliko ya mwaka 2018. Aliye na fursa hiyo asiidharau.

Sisi tuliamua kujenga. Na hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha, kwa sababu uamuzi wa kujenga una mtego ambao sikuujua kwa vitabu, niliujua kwa kuitwa kwenye mirathi.

Palikuwa na mama mmoja, simtaji wala simtajii mtaa. Mumewe alinunua kiwanja kwa mkataba ulioandikwa kwenye karatasi, mashahidi wakatia saini, fedha zikatolewa mbele ya wazee. Akaambiwa apeleke hati ikahamishwe. Akasema uhamisho una gharama, tujenge kwanza, ushuru tutalipa tukiwa tumetulia. Akajenga vyumba vitatu, akahamia na watoto. Muuzaji akafariki. Baada ya miaka michache naye akafariki. Nilipoitwa tugawe mirathi, watoto wa muuzaji walikuja na hatimiliki yenye jina la baba yao, na kwa mujibu wa daftari la serikali walikuwa wanasema kweli.

Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya mwaka 2010 imeithibitisha katika kifungu cha 170, hugawa mali ya maiti kwa fardhi zake. Lakini Kadhi hawezi kumgawia mjane thumuni ya kitu ambacho hatimiliki inasema ni cha mtu mwingine. Karatasi ile ya mkataba nayo haikuwa na stempu, na sheria inasema waraka unaopaswa kupigwa stempu haupokewi kuwa ushahidi katika kesi ya madai mpaka ushuru wake na adhabu yake vilipwe. Mama yule alikaa zaidi ya miaka miwili baina ya wazee, mawakili na ofisi za ardhi. Mwisho aliwalipa warithi wa muuzaji fedha nyingine ili wakubali kuhamisha kile ambacho mumewe alikwisha kukinunua. Aliuza bangili zake za dhahabu, mahari yake mwenyewe.

Hata kama watu wote wangebaki hai na wema, kuchelewesha hakuokoi kitu. Chukulieni kiwanja kile cha 1,800,000. Ukikihamisha kikiwa kitupu, ushuru ni 36,000. Ukijenga kwanza nyumba ya milioni 6 kisha ndipo ukapeleka hati, mthamini akifika atakuta nyumba, wala hatathamini nyasi. Thamani imekuwa kama 7,800,000, na asilimia 2 yake ni 156,000. Ingekuwa ndani ya mji, ni 312,000 badala ya 72,000. Mtu amejitoza ushuru juu ya jasho lake mwenyewe. Tena ushuru wa stempu una muda: siku 30 tangu waraka kutiwa saini, na baada ya hapo adhabu huanza kuhesabiwa. Na ikiwa ardhi ni ya kilimo, kama vilivyo viwanja vingi vya pembeni mwa jiji, ni lazima idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi iombwe ndani ya miezi sita, la sivyo mapatano yenyewe hubatilika.

Kwa hiyo neno langu kwa familia zetu ni hili: kama mnajenga, hamisheni kwanza, ndipo mchimbe msingi. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na kabla ya wahenga, katika Suratul Baqara, aya ya 282, ambayo ni ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuandika madeni yetu na kuyashuhudiza. Aya hiyo haikuwashuku watu wema. Iliwalinda dhidi ya kusahau na dhidi ya mauti.

Limebaki jambo la pili, nalo ni aibu ya waziwazi. Watu huja wakaniuliza: "Sheikh, kodi si zaka, je, kuna ubaya tukiandika bei ndogo kwenye mkataba?" Ni kweli kodi si zaka, na nyumba unayoikaa haina zaka. Na ni kweli wanazuoni walijadiliana sana kuhusu haki ya mtawala kutoza watu; Imamu Ghazali na Imamu Shatibi waliijuzisha kwa masharti ya haja na uadilifu. Lakini muulizaji hajaniuliza habari za mtawala. Ameniuliza kama anaweza kuandika uongo akautia saini na kuwashuhudiza wenziwe. Jawabu la hilo analijua kila mtoto wa madrasa.

Kwa asiyeridhika na jawabu hilo, hesabu nayo itamwadhibu. Tuseme nyumba ni milioni 12, mkaandika milioni 8. Umeokoa shilingi 160,000 za stempu, kama mthamini hakukugundua. Baadaye ukiiuza kwa milioni 12 zilezile, bila kupata faida yoyote, makaratasi yatasema ulinunua kwa milioni 8 na umefaidi milioni 4. Usipokuwa miongoni mwa waliosamehewa, asilimia 15 yake ni shilingi 600,000. Na mauzo yakivunjika, utadai kurejeshewa milioni 8, kwa maana ndizo ulizoandika. Milioni 4 zitakuwa baina yako na dhamiri ya muuzaji.

Mwisho niseme na akina mama khasa. Siku ya kuandika hati, mke wangu aliuliza swali ambalo kila mwanamke aliyetoa mali yake ana haki ya kuliuliza: "Jina langu litakaa wapi?" Katika sheria ya dini yetu mali ya mke ni yake, na alichotia katika nyumba ni chake, si sadaka kwa mume ila akiridhia iwe hivyo. Wakili alitueleza kwamba kuna namna mbili za kumiliki watu wawili. Katika umiliki wa pamoja usio na mafungu, mmoja akifa, mali yote humhamia aliyebaki. Katika umiliki wa hisa, kila mmoja ana fungu lake linalojulikana, na akifa, fungu lake huenda kwa warithi wake. Tulichagua wa pili, kwa sababu ule wa kwanza unawaruka wazazi na watoto waliotajwa katika fardhi. Hisa zikaandikwa kwa kadiri ya kila mmoja alichotoa.

Andikeni majina sawasawa tangu mwanzo, kwa kuwa kuyabadilisha baadaye ni uhamisho mpya. Mke na mume wakihamishiana, sheria imewasamehe stempu. Mali inayohamia warithi baada ya kifo nayo imesamehewa. Lakini ukitaka kumwongeza dada yako au mwanao ungali hai, hiyo ni hiba inayotozwa kwa thamani yake, kana kwamba umeiuza.

Nyumba yetu haijakwisha. Imefika linta, na mvua ikinyesha tunalipa fundi kwa kungoja. Bado tunapanga hapa Buruburu, na nikiwaza safari ya kutoka kule mpaka msikitini kwa swala ya alfajiri, moyo huniuma kidogo. Lakini hatimiliki imo kabatini, ina majina mawili, ina hisa zake, na stempu yake imelipwa. Watoto wetu wakubwa wanajua iliko.

Ewe msomaji, ukimaliza waraka huu, mwulize mumeo, au mama yako, au mwenyewe ujiulize: hati ya nyumba yetu iko wapi, na ina jina la nani? Kama jawabu ni jina la mtu aliyetuuzia, basi wiki hii mtafuteni wakili mwaminifu, na mtafuteni muuzaji angali hai.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu baraka, awahifadhi wajane na mayatima wetu, na atuepushe na dhuluma ya kudhulumu na ya kudhulumiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.